Ratiba Kwanza, Ubalozi Baadaye

Ndugu na marafiki wanaopanga kwenda Ulaya wana swali moja, na huliuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaokula njama: "Ubalozi gani haubani?" Huniuliza mimi kwa sababu kazi ya ukalimani hunipeleka huko mara kwa mara, na kwa sababu nimewahi kukaa nikaisoma Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya kifungu baada ya kifungu. Ni maandishi makavu, lakini majibu mengi wanayoyatafuta kwa madalali yamo humo bure.

Jibu langu huwakera. Nawataka kwanza waniambie wanakwenda wapi, kwa shughuli gani, na watakaa siku ngapi kila mahali. "Hayo tutayapanga tukishapata viza," wengi husema. Mambo huanza kuharibika hapo, maana kwa viza ya Schengen mwombaji hachagui ubalozi. Anachagua safari, na safari ndiyo inayomwelekeza ubalozini.

Schengen ni kijiji kidogo cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Mkataba wa kufuta ukaguzi mipakani ulisainiwa huko tarehe 14 Juni 1985, na leo eneo lenye jina hilo lina nchi 29. Kroatia iliingia 2023. Bulgaria na Romania zikaingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Ireland na Cyprus zimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini hazimo Schengen, na Uswisi na Norwe zimo Schengen ingawa hazimo kwenye Umoja. Uingereza haimo kabisa, na bado kila mara nakutana na mtu mwenye viza ya Ufaransa aliyekwishalipia hoteli London. Tena ukienda Paris, ukavuka kwenda London, ukarudi Paris kupanda ndege ya nyumbani, umeingia Schengen mara mbili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitakufaa hata ukiwa na viza halali ya Uingereza mkononi. (Mayotte nayo, ingawa ni ya Ufaransa, iko nje ya Schengen na ina viza yake.)

Kwa kuwa stika moja inafungua nchi zote 29, ilibidi zikubaliane nani ashughulikie ombi la nani. Bila hivyo watu wote wangejazana kwenye ubalozi mmoja wenye sifa ya upole. Makubaliano hayo yamo kwenye kifungu cha 5 cha kanuni hiyo ya mwaka 2009, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Kama unakwenda nchi moja tu, peleka ombi kwenye nchi hiyo. Kama unakwenda zaidi ya moja, peleka kwenye nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari yako, kwa kupima urefu wa kukaa unaohesabiwa kwa siku, au kusudi la safari. Na kama kituo kikuu hakijulikani, basi ni nchi ambayo utavuka mpaka wake wa nje kuingilia eneo hilo.

Lile neno "au", kati ya siku na kusudi, ndilo lenye mgogoro. Kuna rafiki yangu mhandisi aliyealikwa kwenye mkutano wa siku tatu Brussels. Kwa kuwa nauli ilikuwa imeshalipwa na mwajiri, akaona si vibaya akipita Paris siku nne kutembea. Ukihesabu siku, Ufaransa imeshinda. Ukitazama kusudi, ni Ubelgiji. Dalali wake alimwambia aende Ufaransa kwa sababu "siku ndizo zinazohesabiwa". Mimi nilimwambia aende Ubelgiji, na bado naamini nilikuwa sahihi, kwa sababu bila ule mkutano safari isingekuwepo. Barua ya mwaliko inasema Brussels, barua ya mwajiri inasema Brussels, hela inatoka kwa watu wa Brussels. Ukilipeleka faili kama hilo kwa Wafaransa, kila karatasi inamwambia ofisa kuwa mwenye nayo amepotea njia.

Lakini tuseme mtu huyohuyo, baada ya mkutano wa siku tatu, anakwenda kukaa wiki mbili kwa dada yake Lyon. Hapo ningebadili kauli. Wiki mbili za kumtembelea ndugu si matembezi ya kuongezea, ni kusudi linalojitegemea, na siku nazo zinalibeba. Ningeandika barua fupi ya maelezo nikaeleza yote mawili waziwazi, nikaenda Ufaransa. Hiyo barua ya maelezo, kwa maoni yangu, hudharauliwa mno. Watu hujaza fomu, wanabandika taarifa za benki, halafu wanamwachia ofisa kazi ya kukisia kwa nini mtu anayesema anakwenda mkutanoni ana siku nyingi zaidi katika nchi isiyo na mkutano. Ukurasa mmoja unamaliza maswali hayo.

Hesabu ya siku nayo ina vijambo vyake. Siku uliyoamka Amsterdam ukalala Cologne ni ya nani? Mimi huamua kwa hoteli: ulipolala ndipo siku ilipo, kwa sababu hoteli ndizo karatasi ambazo ofisa ataziona. Na kama una safari mbili tofauti ndani ya miezi miwili, tuseme maonyesho ya biashara Milan mwezi wa nne na kikao Lisbon mwezi wa tano, kanuni inataka uzitazame kwa pamoja kupata kituo kikuu. Wafanyabiashara wengi hawalijui hili, wanapeleka ombi kwa safari ya kwanza peke yake na kunyamaza kuhusu ya pili.

Ngazi ya tatu, ile ya mpaka wa kwanza, watu huipenda kupita kiasi. Wanandoa fulani walipanga fungate: siku tano Italia, siku tano Uhispania, sawasawa kabisa. Ndege ya bei nafuu ilikuwa inapitia Frankfurt kabla ya kwenda Roma. Ukiisoma kanuni kwa herufi zake, mpaka wa nje wanauvuka Frankfurt, kwa sababu hapo ndipo pasipoti zinapokaguliwa. Kutoka hapo hadi Roma ni kama safari ya ndani. Kwa hiyo Ujerumani, nchi wasiyo na hata usiku mmoja wa hoteli, ndiyo ingeshika ombi lao. Jaribu kumweleza hilo mfanyakazi wa dirishani asubuhi yenye foleni. Ushauri wangu ulikuwa mwepesi: waongeze siku moja Roma. Siku sita kwa tano, mjadala umekwisha, ni Italia. Ratiba unaimiliki wewe, na siku moja ya kuongeza au kupunguza ni halali kabisa mradi kweli utaitumia hivyo.

Kuna mstari hapa, na watu wengi huuvuka wakidhani ni ujanja. Kupanga safari yako iwe na siku nyingi Ureno kwa sababu miadi ya Ureno inapatikana mapema, kisha ukaenda kweli Ureno ukakaa siku hizo, si kosa lolote. Kubuku hoteli za Lisbon ambazo utazifuta siku utakayopewa viza, huku mipango yako yote ni Berlin, ni kumdanganya ofisa kuhusu kusudi la safari. Viza iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa, hata ukiwa umesimama mpakani na begi lako.

Hofu iliyo upande wa pili wa jambo hili haina msingi. Wako wanaoamini kwamba lazima utue kwanza kwenye nchi iliyokupa viza, na wananunua tiketi za ghali kwa sababu hiyo. Kanuni haisemi hivyo. Ukiwa na viza ya Italia kwa safari ya Italia kweli, unaweza kuingilia Frankfurt au Amsterdam. Ofisa wa mpaka ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi na kutaka uthibitisho, kwa hiyo beba karatasi za hoteli na tiketi ya kuendelea mbele. Siku hizi kumbukumbu zenyewe zinawekwa kielektroniki: Mfumo wa Kuingia na Kutoka ulianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2025, na unaandika ulipovuka mpaka wa nje na tarehe yake, ukichukua nafasi ya mhuri.

Sasa ule "ubalozi usiobana". Tume ya Ulaya hutoa kila mwaka takwimu za maombi na viza zilizotolewa na kunyimwa, kwa kila ubalozi na kila mji. Watu wanazifungua, wanatafuta asilimia ndogo ya waliokataliwa, wanaamini wamepata mlango wa nyuma. Asilimia hiyo haikwambii ofisa ana moyo gani. Inakwambia ni watu gani waliopanga foleni pale. Ubalozi unaopokea zaidi wajumbe wa mikutano, mabaharia wenye mikataba na wafanyakazi wa mashirika utakuwa na wachache waliokataliwa. Ubalozi unaopokea vijana wengi wasio na ajira, wanaosafiri mara ya kwanza kumtembelea mchumba waliyekutana naye mtandaoni, utakuwa na wengi. Wewe ukihama kutoka foleni ya pili kwenda ya kwanza unahama na faili lako lilelile.

Tena ofisi hizo zote zinatazama kumbukumbu moja. Mfumo wa Taarifa za Viza, unaofanya kazi tangu Oktoba 2011, unaonyesha ofisini Ufaransa kile ulichoomba ofisini Austria, picha na alama za vidole vikiwemo, na kumbukumbu hukaa hadi miaka mitano. Kwa hiyo aliyenyimwa Jumatatu kwa wengine akakimbilia ubalozi mwingine Alhamisi na ratiba mpya, anajitangaza. Kunyimwa mara moja hakukufungii, na kanuni inasema wazi kwamba kukataliwa zamani hakuwezi kuwa sababu ya kukukataa moja kwa moja. Kinachoumiza ni ratiba mbili zinazopingana ndani ya mwezi mmoja.

Mfumo huohuo una faida ambayo watu hawaifikirii. Wapo wanaorudi kila mara kwenye ubalozi uliowapa viza ya kwanza, hata wanapokwenda nchi nyingine, kwa kuamini kwamba "wale wananijua". Wote wanakujua. Aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita na kuzitumia vizuri anaingia kwenye utaratibu wa kupewa viza ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mmoja, haidhuru ni nchi ngapi tofauti zilizozitoa. Uaminifu kwa ubalozi mmoja hauongezi kitu.

Hapo nimezungumzia nchi. Kuna swali la pili ambalo mara nyingi huwa gumu zaidi: ofisi ya mji gani? Msingi ni kwamba unaomba mahali unapoishi kihalali, na uraia wako si kigezo. Binti mmoja wa ukoo wetu anasoma Malaysia, na wazazi wake walitaka arudi nyumbani wakati wa likizo aombe viza ya Ujerumani kutoka huku, "kwenye ubalozi tunaoujua". Kibali chake cha kuishi ni cha Malaysia, barua ya chuo ni ya Malaysia, akaunti ya benki iko huko, na huko ndiko anakotakiwa kurudi baada ya safari. Aombe huko. Kanuni inaruhusu ubalozi kupokea mtu aliyepo nchini kihalali bila kuishi hapo, lakini lazima atoe sababu inayokubalika kwa nini anaomba hapo, na "naujua ubalozi huu" si sababu. Wasiwasi wa kawaida wa wazazi ni kwamba mgeni ataonewa. Mimi naona kinyume chake: mwanafunzi mwenye kibali halali na mihula miwili mbele yake ana sababu ya kurudi iliyo rahisi kuonyesha.

Na kama nchi unayokwenda haina ubalozi mahali unapoishi? Usikimbilie kununua tiketi ya kwenda nchi jirani. Nchi za Schengen huwakilishana: moja inaweza kupokea na kuamua maombi kwa niaba ya nyingine. Makubaliano hayo hubadilika, kwa hiyo taarifa ya kuaminika ni ile iliyo kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi unayokwenda. Maneno ya mtu aliyesafiri miaka kadhaa nyuma yanaweza kuwa yamepitwa. Pengine hakuna uwakilishi, na kweli ubalozi unaohudumia eneo lako uko nchi nyingine. Hapo hesabu nauli na malazi, na kama bajeti hairuhusu, rudi kwenye ratiba. Safari yenye nchi mbili unaweza kuipindua ili kituo kikuu kiwe ile yenye ofisi karibu nawe.

Mara nyingi dirisha lenyewe si la ubalozi. Ni kituo cha kampuni iliyopewa kazi ya kupokea maombi, kama VFS Global au TLScontact. Wafanyakazi wa kituo wanakagua kama karatasi zimetimia, wanachukua alama za vidole, wanapokea ada. Uamuzi hawana, kanuni inauacha kwa ubalozi au mamlaka za nchi yenyewe. Basi kuchagua kituo kwa sababu shemeji yako anamfahamu mtu pale ni kupoteza fadhila. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na bure kwa walio chini ya hapo. Kituo huongeza ada yake ya huduma.

Linalonitia hasira kweli ni miadi. Kanuni inasema miadi, kwa kawaida, itolewe ndani ya wiki mbili tangu uombe. Inasema pia unaweza kuwasilisha ombi hadi miezi sita kabla ya safari, na usichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Kwenye maandishi inapendeza. Kisha unafungua ukurasa wa miadi ukakuta miezi miwili yote imefifia, na baadaye vishoka wanakuuzia nafasi hizohizo ambazo wewe hukuziona. Hapa simlaumu mtu anayeanza kutafuta nchi nyingine. Harusi ya dada yake haiwezi kungoja. Ninachomwambia ni kwamba atafute mapema, miezi mitano au sita kabla, wakati ratiba bado ni laini na kuihamisha kunawezekana bila uongo. Ombi lenyewe huamuliwa ndani ya siku 15 za kalenda, na linaweza kuvutwa hadi 45 likihitaji uchunguzi zaidi. Aliyepata miadi wiki tatu kabla ya ndege anacheza bahati nasibu.

Ukikosea ofisi kwa nia njema, si mwisho wa dunia. Ubalozi usiohusika unatakiwa kurudisha fomu na nyaraka zako, kurudisha ada ya viza, na kukuonyesha ubalozi unaohusika. Hilo si kunyimwa viza, na usiliandike kama kunyimwa kwenye fomu nyingine. Kilichopotea ni muda, na nauli yako ya kwenda dirishani.

Haya yote ni ya Schengen. Nchi nyingine zina mantiki yake, na ni hatari kuhamisha mazoea. Ombi la kuitembelea Uingereza halikuulizi utatua wapi kwanza, kwa kuwa nchi ni moja. Marekani nayo, tangu Septemba 2025, inawataka waombaji wa viza za muda waweke usaili katika nchi wanayoishi au ya uraia wao. Kabla ya hapo watu walikuwa wakisafiri nchi za mbali kutafuta foleni fupi. Kwa wananchi wa nchi ambazo Marekani haina huduma za kawaida za viza imetaja miji maalumu: Wasudani, kwa mfano, walipangiwa Cairo. Ada ya usaili uliouweka mahali pasipostahili hairudishwi wala haihamishwi. Kama safari yako inaunganisha Uingereza au Marekani na Schengen, kumbuka pasipoti ni moja, na ikiwa imelala ubalozi mmoja haiwezi kuwa kwenye mwingine. Anza na ile yenye foleni ndefu.

Mwisho, jambo ambalo karibu hakuna anayelifikiria wakati wa kuchagua: ukinyimwa, utakata rufaa wapi? Rufaa hufuata sheria za nchi iliyotoa uamuzi, kwa utaratibu wake na muda wake. Nchi mbili zinapowakilishana, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2019 kwamba rufaa inakwenda kwa ile iliyotoa uamuzi kwa niaba, hata kama wewe ulikuwa unakwenda nchi nyingine. Kwa hiyo unaweza kutaka kwenda Uholanzi ukajikuta unajibizana na Uswisi. Fomu ya kukataliwa lazima itaje sababu na ieleze namna ya kukata rufaa na muda uliopewa. Isome siku hiyohiyo unayoipokea, kabla hujampigia mtu yeyote kumuuliza ubalozi gani haubani.